Chupa Namba Saba

Sahani ya kumi na tisa iliwaka kijani saa tatu na dakika kumi asubuhi, na aliyeiona hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo la kwanza la kujua. Mtu mwingine angeruka, angeita wenzake, angeshika kifua. Yeye alibaki vile vile kwenye kigoda, kichwa ndani ya pazia jeusi, taa ya urujuani ikivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, akaisoma lebo mara mbili: dawa ya kupangusia, chupa namba saba, wodi ya watoto njiti. Kisha akaandika 19 daftarini na kuweka alama ya kujumlisha mbele yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, ule wa wasichana waliosoma wakikaa dawati la mbele.

La pili la kujua ni hili: chupa zote za wodi ile zilijazwa na mkono mmoja tu, na mkono huo ndio uliomlea yeye.

Pale maabara walimwita Friji. Jina lilianza kama utani, mwaka jana, aliporudi kazini baada ya miezi mitatu ya kukaa nyumbani. Mtu alimwuliza habari za asubuhi, akajibu nzuri. Akamwambia pole kwa msiba, akajibu asante. Akamwambia kuna panya kabatini, akajibu sawa. Yule mtu akasema huyu dada si mtu, ni friji. Baadaye akajutia mdomo wake mpaka akamletea maembe, lakini jina lilikuwa limeshaota mizizi. Friji mwenyewe hakukasirika. Alijaribu kukasirika, kwa heshima tu, ikashindikana. Ilikuwa kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua jino linang'olewa, unasikia vyuma vikigongana, lakini mdomo si wako.

Msiba wenyewe ulikuwa wa mtoto. Wa kiume, alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa kwenye wodi hiyo hiyo, kitanda cha nne karibu na dirisha, akaishi siku sita. Kwenye karatasi waliandika maambukizi. Ya nini, hawakuandika, kwa sababu ilikuwa wiki ya sikukuu, maabara ilikuwa na mtu mmoja, na mtoto hakungoja. Mumewe alilia mpaka sauti ikamkauka. Yeye aliosha vyombo, akavikausha, akaviosha tena.

Sasa, kuhusu hiyo kijani. Ndani ya siku kumi na moja watoto watatu wa wodi ya njiti walikuwa wamepata homa, wamegoma kunyonya, ngozi zimebadilika rangi. Damu yao ilipopelekwa maabara akaota kijidudu mwenye jina refu la vitabuni, jina ambalo hata madaktari hulikatia njiani. Maabara walimwita Bwana Kijani. Ana maringo yake huyu. Vijidudu wengi ukitaka kuwaona ni lazima uwapake rangi, uwaoshe, uwapake tena, uwabembeleze kama maharusi. Bwana Kijani hataki vipodozi vya mtu. Mweke gizani, mwangazie taa ya urujuani, anawaka mwenyewe, kijani chenye umanjano, kama ndimu iliyomeza balbu. Rangi ile anaitoa akiwa na njaa ya madini ya chuma. Anaitandaza pembeni yake imnasie chuma popote kilipo. Na ukifunua sahani, inanukia tamu, kama zabibu zilizoiva kupita kiasi. Yaani ni mzuri kwa macho na kwa pua, na ndiye anayeua watoto wenye uzito wa kilo moja na nusu.

Dawa sahihi walishaijua, watoto walishabadilishiwa. Kilichobaki ni kujua anatoka wapi. Sista mkuu wa wodi, mama mmoja mwembamba asiyekaa chini hata akila, alizunguka na pamba tasa akafuta sehemu ishirini na sita: mabomba, sinki, sabuni, vitambaa, vishikio vya milango, na chupa zote kumi za dawa. Zikawa sahani ishirini na sita za kuoteshea vijidudu. Siku mbili kwenye kabati la joto, na leo zinasomwa. Saa nane mchana mganga mkuu alitaka ripoti mezani.

Alizisoma zote mpaka ya mwisho, kama kawaida. Ishirini na tano zilikuwa giza tupu.

Akamwita fundi mwenzake ahakikishe. Huyu aliitwa Mjomba na kila mtu, hata na waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa na ushauri kwa kila jambo na msaada kwa machache. Mjomba akaingiza kichwa kwenye pazia, na papo hapo shati lake likawaka bluu, meno yakawaka meupe, kila palipokuwa pameoshwa kwa sabuni ya unga pakawaka. Alijitazama akasema mke wake anamfulia kama anampeleka mwezini. Kisha akaiona sahani. Akachota kidogo kwa kijiti, akapaka kwenye kile kikaratasi cha kupimia, na kikaratasi kikageuka zambarau kabla hajahesabu hadi kumi. Wakaiweka sahani ile ubavuni mwa sahani ya damu ya mtoto wa kwanza. Zilifanana kama mapacha wa tumbo moja.

"Ndiye," Mjomba akasema. Akasoma lebo. Akasoma tena. Alimjua vizuri anayejaza chupa za wodi ile. Hospitali nzima ilimjua. Akatoa kichwa nje ya pazia na kujishughulisha na kikaratasi kwenye ndoo ya taka kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kikaratasi.

"Sikia, dada," alisema mwishoni. "Wewe andika chupa. Chupa haina mama."

Ushauri mzuri, na kwa mara ya kwanza ulikuwa na msaada ndani yake. Ukiandika chupa namba saba imeingiwa na kijidudu, chupa inatupwa, inakuja mpya, basi. Nani aliijaza, aliijaza vipi, hayo hayana haja ya kwenda mbali. Friji akalipima wazo hilo kama anavyopima kitu kwenye mizani, bila kulipenda wala kulichukia. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Kwa nini saba tu? Chupa kumi, dawa moja, mkono mmoja, kitambaa kimoja, tisa ni safi kama maji ya mvua na moja imejaa. Akavua koti, akapanda ngazi kwenda wodini.

Mama yake aliitwa Mama Kitambaa, kwa kitambaa cheupe kilichokaa begani mwake saa zote kama cheo. Alikuwa mhudumu wa usafi. Miaka kumi na tisa kwenye wodi hiyo moja, na siku tisa tu zimebaki astaafu. Wauguzi walikuwa wameshamnunulia kiti cha kubembea na kukificha stoo chini ya shuka, na yeye kila asubuhi alifagia stoo ile, akalizunguka lile shuka kwa adabu, akajifanya haoni miguu ya kiti. Sakafu yake ilikuwa gumzo. Mwenyewe husema ukiinama juu yake unaziona dhambi zako.

Wodi ilikuwa na joto kama mdomo. Vitanda vya kioo vimepangwa mistari miwili, kila kimoja na mtoto wake mdogo kama mkono, mirija puani, kofia ya sufu kichwani. Friji akapita kitanda cha nne bila kupunguza mwendo. Siku hizi aliweza. Akamkuta mama yake kwenye kibaraza cha kuoshea, chupa kumi za kahawia zimesimama mbele yake kama darasa.

Akamsalimu shikamoo, akajibiwa marahaba mama, umekula, akadanganya kwamba amekula. Akamwambia angependa kuona jinsi anavyojaza chupa. Mama Kitambaa akafurahi. Kwa miaka yote ya usomi wa mwanawe, hakuna siku aliyokuja kuuliza kazi yake inafanywaje.

Basi akaonyesha, na mikono ilikuwa myepesi kama ya mtu anayesuka nywele. Chupa tisa alizimimina, akazisugua ndani kwa brashi, akazichemshia maji, akazipindua zikauke, akazijaza dawa mpya iliyopimwa vizuri. Kila siku hivyo, bila kukosa. Lakini mabaki hayakwenda kwenye sinki. Kila chupa iliyokuwa na kidogo chini, hicho kidogo kilikwenda kwenye namba saba. Na namba saba yenyewe haikumwagwa. Iliongezwa tu juu.

Hapo Friji akaelewa yote kabla hajaelezwa, kwa sababu alikua ndani ya utaratibu huo. Nyumbani kwao chombo hakikauki. Chumvi mpya humwagwa juu ya chumvi ya zamani, mafuta juu ya mafuta, maji ya mtungi juu ya maji ya jana. Bibi yao alisema chombo kikikauka nyumba imekauka, na mama yao akaushika msemo huo kama hati ya shamba. Watoto walikuwa wakitaniana mezani kwamba wanakula chumvi iliyomwona babu akioa.

"Hizi tisa naziosha mlivyotufundisha nyie wasomi," mama yake alisema. "Saba ndiye mkubwa wao. Haishi. Na dawa ikikaa inakolea, si unaona hata rangi?"

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu niingie hapa."

"Na Saba unamtumia wapi?"

"Kwa mgeni." Alikuwa anakaza kifuniko, kile chenye kizibo cha gamba la mti ndani. "Mtoto akiletwa, kitanda chake cha kwanza nampangusia kwa Saba. Mgeni hapewi dawa changa."

Saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika tatu. Friji aliona hilo. Aliona pia kwamba soli ya kiatu cha kushoto cha mama yake imeanza kuachia. Alisimama akingoja, maana alijua fika kwamba hapa ndipo panapopaswa kuuma. Kuna maneno yakisemwa mtu huanguka chini. Akangoja kama mtu anayesubiri basi. Hakikuja kitu.

Mambo ya dawa ile alikuwa anayajua hata usingizini. Chakula wanachomwekea Bwana Kijani kwenye sahani huchanganywa na dawa ya kuua vijidudu, tena makusudi, ili wengine wote wafe abaki yeye peke yake. Sumu ya wenzake kwake ni chumvi ya mezani. Sasa mpe dawa iliyozimuliwa kwa maji, iliyolala siku, wiki, miezi, na gamba la mti la kujishikiza kwenye kifuniko: umempa shuka na mto. Aliingia kwenye Saba lini? Labda mwezi huu. Labda mwaka jana. Labda aliingia, akatoka, akaingia tena. Chupa isiyokauka haina tarehe.

Mama Kitambaa alikuwa bado anaongea, amenogewa. Alieleza kwamba wahudumu wote wa siku hizi amewafundisha yeye. Wodi ya wazazi wana Saba wao, wodi ya upasuaji nao, tena wale wa upasuaji wakorofi, wao wa kwao wanamwita Babu. Wodi ya waliochomwa moto walianza mwezi uliopita.

Basi ule ushauri wa Mjomba ukafia hapo hapo. Ukiandika chupa tu, watatupa chupa moja, na kwenye wodi tatu nyingine Babu na wenzake wataendelea kuongezwa juu. Ilibidi kuandika namna zinavyojazwa. Na namna ilikuwa na mwenyewe.

"Mama, njoo kwangu mara moja."

Mama yake akasema sakafu bado mbichi. Friji akamwambia itakauka yenyewe.

Katika miaka yote Mama Kitambaa hakuwahi kuingia maabara zaidi ya mlangoni. Alipoona kichumba chenyewe, stoo ya zamani ya mifagio yenye pazia jeusi na kigoda, akacheka kwamba wamemsomesha mtoto mpaka chuo, kumbe kwenda kufungiwa kabatini. Friji akamkalisha, akamfunika pazia mpaka mabegani, akawasha taa, akamsogezea sahani.

Kisha sauti ya mama yake ikatoka kwenye giza, laini, kama ya mtu aliyeonyeshwa kitambaa cha hariri.

"Kizuri."

"Ndiye aliyewaingia wale watoto watatu."

"Hiki?"

"Hicho. Na sahani hiyo si ya mtoto, Mama. Hiyo ni ya chupa. Saba."

Mama Kitambaa hakutoa kichwa. Aliuliza kama watoto wale ni wazima. Friji akamjibu wanaendelea, dawa mpya imewashika, mmoja ameanza kumeza maziwa. Akauliza kama chupa nyingine pia. Akajibiwa tisa ni safi kabisa. Kisha akaingiza mikono yake miwili chini ya taa, akaigeuza, viganja juu, viganja chini. Kucha ziliwaka bluu hafifu kwa sabuni ya miaka. Kijani hakuna.

"Mikono haina," akasema.

"Mikono yako ni misafi, Mama. Ni ile ya kuongezea juu."

"Misafi," mama yake akarudia, na neno likasikika kama amelipata sakafuni na hajui la nani.

Friji akamweleza kuhusu ripoti. Akaeleza kwa sauti ile ile anayowaelezea wanafunzi wa mafunzo, pole pole, hatua kwa hatua: kwamba akiandika chupa peke yake, Saba za wodi nyingine zitabaki; kwamba lazima aandike inavyojazwa; kwamba saa nane anasoma mbele ya mganga mkuu, na mganga mkuu atauliza ni nani. Alimaliza akaona amemaliza. Kuna swali moja alikuwa analingoja kutoka kwenye pazia lile, swali la kitanda cha nne, na alikuwa ameshaandaa jibu lake. Halikuja.

Mama Kitambaa akatoka kwenye pazia. Akakitoa kitambaa begani, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku tisa, mwanangu."

"Najua."

"Hukuweza kungoja siku tisa."

"Kesho wanaletwa mapacha, Mama. Wageni wawili."

Mama yake akamtazama usoni, akatafuta kitu pale, ni wazi hakukipata. Akakikunja kitambaa mara nne, akakirudisha begani, akaondoka bila kuaga. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa ukumbi, kimoja kikipiga kofi.

Friji akaketi akaandika. Ripoti ilichukua kurasa mbili. Mjomba alimletea chai, akasoma juu ya bega lake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe pamoja, akaufunga bila kutoa ushauri. Chai ikapoa. Aliinywa hivyo hivyo.

Saa nane walikuwa watano ofisini: mganga mkuu, sista mkuu wa wodi amesimama kama kawaida yake, karani wa kumbukumbu na fomu yake, Mjomba, na yeye. Akasoma. Sahani ishirini na sita, moja imewaka, kikaratasi kimethibitisha, sahani ya chupa na za damu ya watoto zimelinganishwa. Kisha akasoma namna: mabaki humiminwa kwenye chupa moja isiyomwagwa, na dawa ya chupa hiyo ndiyo hupangusiwa vitanda vya watoto wapya. Alisoma bila kukwama popote. Alipofika kwenye "mhudumu wa usafi", sista mkuu akatazama viatu vyake.

"Mhudumu yupi?" mganga mkuu akauliza.

Friji alivuta pumzi ajibu, na jina la kazi la mama yake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, ndipo mtu akapiga hodi na kuingia bila kungoja karibu. Mama Kitambaa alikuwa amebeba beseni, na ndani ya beseni chupa nne za kahawia. Saba, Babu, na wale wengine wawili. Alikuwa amezipitia wodi zote kuzikusanya.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemwambia akae. Akaweka beseni sakafuni, akaeleza. Hakujitetea wala hakulia. Alieleza kama alivyoeleza asubuhi, tofauti tu kwamba mikono safari hii ilikuwa mizito. Nachukua hiki, namimina hapa, situpi, naongeza. Alisema na wodi zile tatu nimewafundisha mimi, wasiulizwe wao. Alisema alidhani inakolea. Mganga mkuu, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa haraka, akasema kwamba hakuna anayemtuhumu mtu hapa, kwamba utaratibu wenyewe haukuandikwa popote na kosa ni la hospitali nzima, kwamba kuanzia leo kila chupa inamwagwa jioni. Akamwashiria karani amalizie fomu.

Karani akasoma swali la mwisho, kwa sauti ya mtu anayewaza basi la kwenda nyumbani: je, kuna visa vya nyuma vinavyoshukiwa?

"Hakuna," mganga mkuu akasema. "Imeanza mwezi huu."

"Yupo mmoja," Mama Kitambaa akasema.

Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia.

"Mwaka jana. Kitanda cha nne. Nilimpangusia mwenyewe, kwa Saba, mara mbili, kwa kuwa alikuwa wa kwetu." Alikuwa anaongea na lile beseni. "Mjukuu wangu."

Mganga mkuu akavua miwani. Akamgeukia mtu wa maabara, kama kazi yake ilivyomtaka, na hapo ndipo akakumbuka huyo mtu wa maabara ni nani. Lakini swali lilishafika mdomoni.

"Kuna sahani yake?"

"Hakuna," Friji akajibu. "Hakuchukuliwa damu."

"Basi hatuwezi kumwandika. Bila ushahidi haiwezekani kusema ni chupa."

"Wala haiwezekani kusema si chupa," Friji akasema. Alishangaa kusikia sauti yake imepanda kidogo, kama redio ambayo mtu amegusa kitufe bila kukusudia. "Aandikwe. Mbele yake iandikwe haijulikani."

Karani akauliza jina la mtoto. Friji akalitaja. Hakuwa amelitamka tangu mwaka jana, na lilimtoka zima, herufi zote zipo. Karani akaliandika, akauliza kama lina h, akaambiwa halina.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi la kungojea. Mama Kitambaa akaketi, beseni tupu magotini. Chupa zilikuwa zimebaki ndani kwa ajili ya maabara. Friji akasimama mbele yake. Wauguzi wawili walipita wakasalimia kwa furaha, habari ilikuwa bado haijawafikia. Jioni ingekuwa imewafikia.

"Unanichukia?" mama yake akauliza.

Friji akatafuta. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepekua mifuko yote ya nguo kutafuta ufunguo. Chuki hakuiona. Msamaha hakuuona. Huzuni yenyewe hakuiona.

"Sijui, Mama. Sisikii kitu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu yeye."

Mama yake akainua uso. Miezi yote hiyo alikuwa akiwaambia majirani binti yangu amekaza roho, binti yangu ni jasiri, angalia amerudi kazini, angalia anatembea. Alikuwa anajivunia. Sasa akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, taratibu, kama anavyotazama kitanda kilicholetwa kikisemekana kimeshasafishwa.

"Na mimi nikakuacha hivyo," akasema.

Akaliweka beseni chini, akasogea benchi, akapapasa mbao pale alipopaacha wazi. Friji akaketi. Bega la mama yake lilikuwa na joto la wodi. Aliligundua hilo kama anavyogundua mambo, kwa mbali, na angeweza kuliandika daftarini. Saa tisa ilikuwa inakaribia, kulikuwa na sahani za kutupa na kabati la kusafisha, na Mjomba alitokea mlangoni mwa maabara, akawaona, akarudi ndani.

"Una kazi," mama yake akasema.

"Ninayo."

Hakuna aliyeinuka.